Upepo, Wimbi na Mkondo

Barabara ya kilomita 66 inayoshuka kutoka Mbinga mjini, kwenye mibuni ya Umatengo, huishia Mbamba Bay, ufukoni mwa ziwa la maji baridi. Mgeni anayedhani mawimbi makubwa ni mambo ya bahari atabadili mawazo hapa. Kati ya Mei na Agosti kusi hukaza, na Ziwa Nyasa likichafuka mitumbwi huvutwa juu mchangani. David Livingstone, aliyelichunguza mwaka 1861, aliona lastahili kuitwa ziwa la dhoruba.

Chanzo ni upepo. Ukipita juu ya maji huinua viwimbi vidogo. Vikishainuka, upepo hupata mgongo wa kusukuma, navyo hukua. Ukubwa wa wimbi hutegemea kasi ya upepo, muda uliovuma, na urefu wa maji yaliyo wazi mbele yake. Hilo la mwisho ndilo linaloipa Nyasa ukali wake. Ziwa limelala kaskazini-kusini ndani ya Bonde la Ufa kwa zaidi ya kilomita 550, na kuta za milima huuelekeza upepo ufuate urefu huohuo. Kutoka ncha ya kusini hadi Mbamba Bay ni zaidi ya kilomita 300, nafasi tele ya wimbi kukomaa.

Julai 1946, meli iitwayo Vipya ilipinduka katika kusi hilo upande ambao leo ni Malawi. Watu zaidi ya 140 walikufa.

Hata hivyo, huko kilindini maji yenyewe hayasafiri na wimbi. Tazama dumu tupu linaloelea mbali na ufuko: wimbi likifika, dumu hupanda, husogea mbele kidogo, hushuka na kurudi karibu palepale. Kinachokwenda ni nguvu. Mawimbi yanayofuatana kila baada ya sekunde sita huwa yameachana kwa mita 56 hivi, na vilele vyake hukimbia zaidi ya kilomita 30 kwa saa. Mzunguko wa maji chini yake hufifia kadiri unavyozama. Kwenye kina cha mita 28, yaani nusu ya umbali kati ya vilele, karibu kila kitu kimetulia.

Ufukoni mambo hubadilika. Wimbi likianza kugusa chini hupungua kasi, hubanana na linalofuata, huinuka na kuvunjika. Wimbi la mita moja huvunjika penye kina cha takriban mita 1.3, yaani kifuani mwa mtu mzima, pale hasa watoto wanapopenda kuogelea. Hapo sasa maji husafiri kwelikweli. Wimbi likija mshazari kutoka kusini, huyasukuma maji kando ya ufuko kuelekea kaskazini, pamoja na mchanga. Ndiyo maana muogeleaji hutoka majini mbali na nguo zake. Na maji yaliyorundikana ufukoni lazima yarudi. Mara nyingi hupenya penye mwanya kati ya mafungu ya mchanga, kwa mkondo mwembamba wenye nguvu, ambao kwa macho huonekana kama sehemu shwari isiyo na povu.

Msomaji, usiingie majini penye utulivu wa namna hiyo wakati pande zote mbili mawimbi yanavunjika. Ukikamatwa, usishindane na mkondo kwa kulenga nchi kavu: ogelea sambamba na ufuko mpaka utoke kwenye mkondo, kisha ndipo ugeuke kuelekea ufukoni.