Muuguzi Wako Alipimwa na Nani?

Muuguzi akikujia na sindano, wampa mkono wako bila kuuliza neno. Lakini yeye mwenyewe alipimwa na nani?

Siku hizi wauguzi wa nchi nyingi hupimwa kwa kompyuta. Marekani walianza hivyo mwaka 1994 katika mtihani wao wa leseni. Mwanafunzi akijibu vema, mashine humpa swali gumu zaidi. Akikosa, humpa jepesi, hata kipimo cha maarifa yake kijulikane.

Njia hii ina faida. Sisi wa Fizi na Baraka, kando ya ziwa, twakijua kipindupindu. Tuseme ameletwa mtu mzima wa kilo 50, maji yamemwishia kabisa mwilini. Yampasa kutiwa maji ya mshipa mililita 1500 katika nusu saa ya kwanza, kisha 3500 katika saa mbili na nusu. Kompyuta yaweza kuuliza hesabu hiyo na kuisahihisha mara moja, bila upendeleo.

Lakini mashine haioni kama mwanafunzi amenawa mikono, wala kama ameupata mshipa. Kwa hayo uko mtihani wa vituo, ambao Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Scotland, waliueleza mwaka 1975 kwa wanafunzi wa udaktari, na wauguzi nao wakaupokea. Mwanafunzi hupita kituo kwa kituo, akifanya kazi moja kila mahali, na msimamizi humtazama.

Basi, kichwa kipimwe na mashine, mikono ipimwe kwa macho. Nawe kijana utakaye kazi hii, jua hesabu zako, tena nawa mikono hata usipotazamwa. Mgonjwa ndiye mtihani wa kila siku.