Siri ya kuvu na mizizi yawagawanya wanasayansi

CHINI ya miti mingi mna biashara isiyoonekana kwa macho. Nyuzi nyembamba za kuvu huingia katika mizizi na kuuletea mti maji na madini kama vile fosforasi. Mti nao hulipa kwa sukari uliyoitengeneza kwa mwanga wa jua.

Swali lililomshughulisha Suzanne Simard, mtaalamu wa misitu kutoka Canada, ni iwapo nyuzi hizo huhamisha pia chakula kutoka mti mmoja hadi mwingine.

Katika mkoa wa British Columbia, aliifunika miche ya betula na ya misonobari ya Douglas kwa mifuko ya plastiki. Kisha kila aina akaipa hewa yenye kaboni ya namna yake, inayoweza kutambulika baadaye. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la Nature mwaka wa 1997 yalionyesha kuwa kaboni ilisafiri pande zote mbili. Misonobari ndiyo iliyofaidi, hasa ile iliyowekwa kwenye kivuli kizito.

Hata hivyo, mnamo 2023 wanasayansi watatu walionya kwamba ushahidi uliopo hautoshi kuthibitisha kuwa miti hulishana kupitia kuvu msituni, kwani kaboni huweza pia kupitia udongoni. Mmoja wao, Melanie Jones, alikuwa miongoni mwa walioandika ripoti ya 1997. Simard ameyatetea matokeo yake.

Lisilopingwa ni uhusiano wa msingi: kuvu zikiangamia, mti hupoteza mkono wa kuchotea riziki isiyofikiwa na mizizi yake.