Kifurushi Hiki, Nani Alikifunga?

Bandugu, gunia ikifika depo ya Kolwezi, mununuzi anauliza iko na nini ndani. Programu nayo iko vile.

Mwezi wa tatu 2024, enjenia Andres Freund aligundua mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili kwenye Linux. Kipande kilichouwasha hakikuwa kwenye kodi yenye kila mutu anasoma. Kilitiwa kwenye kifurushi chenye mutu alitengeneza na kutoa mwenyewe.

Ndiyo maana ni muzuri kazi ya kutoa programu iachiwe mashine. Unaweka alama ya toleo, kwa mufano 1.4.0, unaituma. Serva inajaribu kodi, inafunga kifurushi kutoka kodi ileile, inakichapisha. Jaribio moja likikataa, hakuna kinachotoka. Hata SNEL ikikata umeme kwako, kule kazi inaendelea. Tangu 2023, PyPI, ghala ya Python, inapokea vifurushi hivyo bila neno la siri la kudumu, lenye mwizi angeliiba.

Lakini mashine haijue nia ya mutu. Hata uongo itaufunga vizuri. Basi, mbele ya kuweka alama, mwenzako asome kodi yako.