Umebadilisha Gari Lako? Ijulishe Kampuni ya Bima Kabla ya Kurudi Barabarani

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Katika gereji kadhaa za Jijini Dar es Salaam, magari yaliyotengenezwa kutumia petroli huingia na kutoka yakiwa yamefungwa mfumo wa gesi asilia. Gesi hiyo, iliyogunduliwa Songo Songo mkoani Lindi mwaka 1974 na kuanza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, imekuwa nafuu kwa wamiliki wa teksi, bajaji na magari binafsi wanaotaka kupunguza gharama za mafuta. Hata hivyo, ipo hatua moja ambayo ni rahisi kusahaulika baada ya fundi kulipwa: kuijulisha kampuni ya bima kwamba gari lililokatiwa bima si lilelile tena.

Madhara ya kusahau hatua hiyo hayaonekani gari likiwa salama. Huonekana siku ya ajali au moto, pale mtathmini wa hasara anapofungua buti na kukuta mtungi ambao haumo katika nyaraka zozote za bima.

Mkataba wa bima umejengwa juu ya kanuni ya uaminifu wa hali ya juu. Kampuni ya bima hailioni gari kila siku. Inategemea maelezo ya mmiliki katika fomu ya maombi ili kuamua kama itabeba hatari hiyo na kwa ada gani. Kwa sababu hiyo, mmiliki anawajibika kueleza kila jambo la msingi, yaani jambo lolote linaloweza kubadili uamuzi wa kampuni au kiwango cha ada. Wajibu huo upo wakati wa kukata bima na kila inapohuishwa. Aidha, mikataba mingi ina sharti linalomtaka mmiliki kutoa taarifa ya mabadiliko hata katikati ya mwaka wa bima. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Katika bima, anayeficha hali ya gari lake anahatarisha fidia yake.

Mabadiliko yanayopaswa kutolewa taarifa yapo ya aina nne. Ya kwanza ni yale yanayogusa mwendo na uendeshaji, kama vile kubadilisha injini, kufunga turbo, kuinua au kushusha gari, na kubadilisha breki au ukubwa wa matairi. Ya pili ni ya umbo na uwezo wa kubeba, kama kuongeza viti, kurefusha chesisi au kufunga bodi jipya. Ya tatu ni vifaa vinavyoongeza thamani ya gari, zikiwamo rimu za gharama, mifumo ya muziki na ngao za mbele. Ya nne ni mabadiliko ya matumizi: gari binafsi linapoanza kubeba abiria kwa malipo, hatari yake hubadilika hata kama hakuna skrubu iliyoguswa.

Mfumo wa gesi asilia unagusa zaidi ya aina moja kati ya hizo. Mtungi wake hujazwa kwa mgandamizo wa takriban bari 200, ambao ni karibu mara 90 ya upepo wa tairi la gari dogo. Mtungi huongeza uzito upande wa nyuma, na mfumo mzima huongeza thamani ya gari. Hii haina maana kwamba gari la gesi ni la hatari likifungwa ipasavyo. Gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa na hupaa inapovuja mahali pa wazi. Ina maana kwamba kampuni ya bima ina haki ya kujua nani aliufunga mfumo huo, kwa vifaa gani, na kama upo uthibitisho wa ukaguzi.

Thamani nayo ina hesabu yake. Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa samaki aliyekata bima kubwa ya pikapu kwa thamani ya shilingi milioni 15, kisha akafunga bodi lenye ubaridi kwa shilingi milioni 5 bila kutoa taarifa. Pikapu hiyo sasa ina thamani ya shilingi milioni 20, lakini imekatiwa bima ya robo tatu tu. Ikipata hasara ya shilingi milioni 4, na mkataba ukiwa na sharti la uwiano, fidia inaweza kuwa shilingi milioni 3. Milioni moja inayobaki itatoka mfukoni mwake. Huko bado ni kupata nafuu, kwani kulingana na masharti ya mkataba na uzito wa jambo lililofichwa, kampuni inaweza kukataa dai lote.

Je, mwenye bima ndogo hahusiki? Anahusika. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalitaka kila gari linalotumika barabarani kuwa na bima ya mtu wa tatu. Sheria hiyo inamlinda aliyeumia kwa kuzuia baadhi ya masharti, yakiwamo yanayohusu hali ya gari, yasitumike kumnyima haki yake. Lakini kinga hiyo ni ya mwathirika. Kampuni iliyolazimika kulipa kwa matakwa ya sheria inaweza kumgeukia mmiliki aliyekiuka mkataba na kumdai fedha hizo.

Mmiliki anashauriwa kufuata hatua zifuatazo. Kwanza, aulize kampuni, wakala au dalali wake wa bima kabla ya kumkabidhi fundi gari. Pili, atoe taarifa kwa maandishi, akiambatisha risiti, picha na cheti cha gereji iliyofanya kazi. Tatu, adai hati ya nyongeza ya mkataba inayotaja mabadiliko hayo. Kauli ya mdomo au ya simu haitoshi. Nne, kama injini au rangi imebadilishwa, ahakikishe taarifa za kadi ya gari zinarekebishwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), ili kadi na mkataba vieleze gari moja.

Uhalali wa bima unaweza kuhakikiwa kupitia mfumo wa TIRA-MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA). Mwananchi asiyeridhika na uamuzi wa kampuni kuhusu dai lake anaweza kuwasilisha malalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Katika shauri la aina hiyo, nakala ya barua iliyopokelewa na kugongwa muhuri ina uzito kuliko maelezo marefu.

Ada inaweza kuongezeka kidogo baada ya kutoa taarifa, na wakati mwingine isiongezeke kabisa. Kwa vyovyote vile, gharama hiyo hujulikana mapema na hupangiwa bajeti. Gharama ya kunyamaza hujulikana baada ya ajali, wakati mmiliki hana tena nafasi ya kuchagua.