Mwendo wa Mwili na Mizani ya Utenzi

Katika nyanda za Njombe, ambako asubuhi za Juni na Julai baridi humfanya mtu ajikunyate mpaka jua lichomoze, na kule Makambako, ambako upepo aghalabu haumwachi msafiri asimame wima penye njia panda ya Songea, ni rahisi kutambua ya kuwa dhiki ya nafsi hukaa mabegani kabla haijapata maneno. Ndiyo sababu mimi, ambaye taaluma yangu ni mazoezi ya viungo, humsihi atakaye kuandika ili atulie asianze na kalamu.

Mwaka 1986 wanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walichapisha utafiti ambamo wanafunzi waliandika habari za machungu yao kwa robo saa, siku 4 mfululizo. Waliosimulia kisa pamoja na hisia zake walikwenda kwa tabibu mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Lakini mara tu walipoweka kalamu chini, huzuni yao ilizidi na shinikizo la damu likapanda. Saa hiyo mwili unahitaji pa kushikilia.

Pa kushikilia huko mimi hupatafuta kwa Wachina, ambao wana sanaa ya kujihami iitwayo taichi, ifanywayo polepole. Magoti yalegezwe, uzito wote uhamie mguu wa kulia, hata wa kushoto uwe mtupu na kuinuka pasipo kiwiliwili kuyumba, kisha kisigino kiguse ardhi kwanza, na uzito ufuate, kama afanyavyo mama ashukaye na kuni kwenye mteremko uliolowa. Utafiti wa Marekani uliotangazwa 2012, wa wagonjwa 195 wa Parkinson, maradhi yanayotetemesha mwili, ulionyesha kuwa waliofanya hivi kwa miezi 6 walianguka mara chache kuliko walionyoosha viungo tu. Wala tusidhani sanaa ya namna hii ni ngeni kabisa kwetu Afrika Mashariki: Lamu wana kirumbizi, ambamo wawili hupambana kwa fimbo huku zumari na ngoma zikiwatawala.

Baada ya mwendo ndipo kuandika, nami huchagua utenzi kuliko insha huru, kwa kuwa kipande cha mizani 8 hutamkika kwa pumzi moja pasipo haraka, na vina humzuia mwenye uchungu asimwage yote kwa mkupuo. Mathalani:

Upepo ulipofika
Mabega yalijishika
Nikavuta, yakashuka
Nikasimama mwenyewe.

Ubeti huu si wa kushindania tuzo, lakini umekwisha, na mwandishi wake amejua mahali pa kukomea.

Aliyefiwa karibuni asianze na msiba wake. Aanze na baridi, na matope ya njiani, au na viazi vilivyochelewa shambani, akaribie lile zito kadiri miguu inavyoimarika. Na yule ambaye usingizi umemkimbia kwa majuma, au aliyekata tamaa ya kuishi, huyo aende hospitali kwanza, utenzi utamngoja.