Elimu ya Mazingira kwa Wanafunzi wa Vijiji vya Kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, Mkoani Tabora

Makala hii inafafanua ugumu mmoja unaoikabili elimu ya mazingira katika shule za msingi zilizo jirani na Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Eneo hilo lilitangazwa kuwa pori la akiba mwaka 1965, kisha likapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Tofauti ya hadhi hizo si ya jina tu. Katika pori la akiba, wanavijiji waliweza, kwa kibali na katika msimu maalumu, kuvua samaki na kurina asali. Hifadhi ya taifa hairuhusu uvunaji wa namna hiyo. Kazi aliyoifanya babu kwa kibali huwa kosa mjukuu akiifanya mahali palepale.

Programu za elimu ya mazingira nchini, zikiwamo klabu za Malihai zilizoanzishwa mwaka 1980, aghalabu hutumia ziara za hifadhini, filamu na upandaji miti. Mbinu hizo zina manufaa. Hata hivyo, mtoto wa Kinyamwezi haanzi kuujua msitu kwa kumwona simba. Huujua kwa asali, uyoga na kuni. Hapo ndipo somo lingepaswa kuanzia. Mzinga wa gome, kwa mfano, hutengenezwa kwa kulibandua gome la mti wa miombo kuzunguka shina lote, na mti uliobanduliwa hivyo hufa. Mwanafunzi anayeufahamu mzinga huo nyumbani kwao anaweza kuulinganisha na mzinga wa mbao, akahesabu mwenyewe miti inayosalimika. Hesabu hiyo haihitaji basi la ziara. Vivyo hivyo kwa tumbaku, zao linalolipia sare za wengi wao: ukaushaji wake kwa moto hula kuni za miombo hiyohiyo, na mwalimu asiyelitaja jambo hilo huwa amelikwepa somo lenyewe.

Ipo pia historia inayofundishwa kana kwamba haihusiani na wanyamapori. Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Ujiji na Bagamoyo, na pembe za ndovu zilibebwa mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Makumbusho ya Kwihara huelezwa zaidi kwa habari za Livingstone na Stanley. Kwa maoni ya mwandishi, ziara ya Kwihara ingefaa kutangulia ile ya Ugalla, ili mwanafunzi aone kwamba tembo wa nchi hii walianza kumalizwa na biashara ya mbali kabla ya kuwapo sheria yoyote ya ujangili.

Linabaki swali ambalo mtoto wa mrina asali atauliza: kwa nini baba amekatazwa? Bango la makatazo halilijibu. Mhifadhi anayekwenda shuleni anapaswa kueleza wazi nini kilibadilika mwaka 2019, nani aliamua, na asali sasa inaweza kurinwa wapi kihalali, yakiwamo maeneo ya jumuiya za hifadhi ya wanyamapori za Ipole na Uyumbu.