Goli limeshafungwa, simu ya Musoma bado inazunguka

UKIKAA Mwitongo pale Butiama, au hata Musoma mjini karibu na Uwanja wa Karume, hii unaijua. Umeshika simu, kwako ndiyo kwanza wanarusha mpira, mara jirani mwenye king'amuzi anapasua: "Gooo!" Uhondo umeisha.

Siyo bando peke yake. Picha ya mechi hukatwa vipande vya sekunde chache chache, na simu hukusanya kadhaa kabla ya kuonyesha. Hapo umeshaachwa. Halafu inakuja foleni. Siku ya Simba na Yanga watu hawaingii mmoja mmoja, wanajazana wote dakika tano kabla ya filimbi.

Ndipo anapohitajika kiungo mchezeshaji. Mbele ya seva mafundi huweka programu ya kugawa mzigo. Njia rahisi ni zamu kwa zamu: wewe huku, anayefuata kule. Lakini hiyo ni sawa na kumpa winga pasi kwa kuwa ni zamu yake, wakati kakabwa na mabeki watatu! Programu nzuri inainua kichwa kwanza, inatazama nani ana nafasi. Na kila baada ya muda mfupi inaziuliza seva kama ziko hai. Isiyojibu haipewi mpira.

Kuna pia ratiba, nini kitangulie. Mechi inayoendelea haiwezi kusubiri, magoli ya jana yanaweza. Wana Mara somo la ratiba tunalo: Oktoba 2021 Biashara United iliifunga Al Ahli Tripoli 2-0 Dar es Salaam, ikashindwa kusafiri kwenda Libya kwa marudiano, ikatolewa. Kwenye kompyuta ni hivyohivyo, kazi iliyochelewa ni kama haikufanyika.

Sasa, hata kiungo awe fundi vipi, pasi ndefu ni pasi ndefu. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, intaneti ikalegea nchini. Kesho yake Yanga ikatwaa ubingwa wa 30 kule Manungu. Siku kama hiyo mwenye redio ndiye mfalme.

Dawa yake wataalamu wanaiita ukungu. Wingu ni zile kompyuta kubwa za mbali. Ukungu ni ndogo zilizoshuka karibu na watu, kwenye mnara au kituo cha mkoa. Kipande cha mechi kikishafika Mwanza mara moja, mashabiki wa Musoma, Bunda na Butiama wanakichukua hapo, badala ya kila mmoja kukifuata Dar, zaidi ya kilomita 1,000.

Shida ni kwamba hizo ndogo zina pumzi fupi, na umeme ukikatika zinatoka uwanjani bila kuaga. Lazima ziwe na benchi, na mzigo uhamishwe haraka kabla shabiki hajagundua.

Mimi siku ya dabi bado naenda kukaa kwa jirani.